Kadi ya Tausi

Wafanyakazi wa migodi ya chini ya bahari waliruhusiwa kuonana na familia zao ndani ya mchezo wa kompyuta tu. Tausi na mumewe, Shomari, walikutana kila Jumamosi kwenye mbio za magari. Mwezi huu picha ilianza kukwamakwama kila Shomari alipoongea. Tausi alipangusa vumbi, akabadilisha feni, lakini kadi ya picha, kifaa cha kompyuta kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini, iliendelea kuchemka.

Akamwita fundi Mbaraka, naye akaipima Jumamosi mbio zikiendelea, akakuna kichwa.

"Dada, kadi ni nzima, ila imeelemewa. Inachora magari, na inachora mtu pia."

"Mtu gani?"

"Shemeji. Picha yake na sauti yake hazitoki mgodini. Zinatengenezwa humu humu, ndani ya kompyuta."

"Mke wangu, mbona kimya?" Shomari aliuliza kwenye skrini. "Twende basi."

Tausi alishika usukani, asijue anamjibu nani.