Baba Aliyejitokeza Kobe

Haya, nifumbulie hili: nyumba ya ghorofa kumi na mbili, haina msingi, juzi ililala Korea na leo imeamkia Japani. Ukisema meli ya watalii, umepata.

Ndani ya meli hiyo Emanueli alikuwa mpishi na Nashoni fundi wa mitambo, wote watu wa Tarime. Wiki iliyopita ndipo Nashoni alipolisikia jina la mama yake Emanueli. Akahesabu miaka, akashika kichwa. Yeye hana mtoto, na mvi zimeshamjaa.

Emanueli hakuwa na haja ya kuhesabu. Alijua tangu utotoni aliyemzaa ni nani. Mama yake alipopeleka habari ya mimba, Nashoni alimcheka mbele ya rika lake lote: "Katafute mwenye tumbo hilo!" Kijana aliapa kumlipa aibu hiyo.

Basi katika bandari ya Kobe, siku yao ya mapumziko, walishuka pamoja. Nashoni alimnunulia viatu. Akampandisha gari la kwenye waya mpaka mlimani, wakaiona bandari yote. Mchana akamwagizia ile nyama inayosifiwa, vipande vyembamba kama karatasi.

"Hii kwetu ni ya kuonjea chumvi," Emanueli akasema. Wakacheka kama watu wa mji mmoja.

"Mwanangu, turudi nyumbani uchukue jina langu."

"Ng'ombe wa mahari ya mama walishatolewa, mzee. Mila unaijua. Mwenye ng'ombe ndiye baba."

"Nitamrudishia, hata mara mbili! Kwani ni mwanaume gani huyo wa kunishinda mimi?"

Emanueli alitafuna polepole. Jibu hilo alitaka watu walisikie.

Saa kumi jioni walifika kwenye ngazi ya meli. Wafanyakazi wenzao, Wakenya na Watanzania, walikuwa foleni wakisubiri kukaguliwa. Nashoni akamshika kijana bega, akapaza sauti.

"Jamani, mwoneni mwanangu! Eti kuna mtu huko kijijini Itiryo anasema ni wake. Emanueli, hebu mtaje wasikie. Ni mwanaume gani huyo?"

Foleni nzima ikageuka.

"Si mwanaume, mzee," Emanueli akasema. "Ni Bibi Boke, mjane asiyejaliwa mtoto. Alitoa ng'ombe kumi na wawili akamwoa mama kwa mila yetu, apate mtoto wa jina lake, na mimi nikiwa tumboni."