Tone Chini ya Mfuniko

Sikudhani alimimina kwenye mtambo wa binti yake chupa ya gongo aliyoipika mwenyewe, gongo ile ile iliyompeleka mumewe kaburini. Zamda akaichemsha pamoja na maji. Mvuke ukapita kwenye bomba la moto lenye chembe za madini, zinazoigeuza gongo kuwa gesi bila zenyewe kwisha. Kwenye mdomo wa bomba akawasha kiberiti.

Sikudhani akainama. Miaka yote aliijaribu gongo yake kwa moto: ukiwaka buluu, imeiva. Hapa hakuona kitu.

"Imekataa, mwanangu," akasema, akinyoosha kidole kwenye bomba.

Zamda akamdaka mkono. "Moto unawaka, mama. Mchana hauonekani, lakini utakuunguza."

Akashika mfuniko wa sufuria juu ya pale palipoonekana patupu. Bati likatoa jasho, matone yakakusanyika.

"Gesi hii, haidrojeni, ikiungua inakuwa maji."

Sikudhani akachukua tone kwa kidole, akalionja kama alivyozoea kuonja tone la kwanza la kila mapishi. Halikuwa na ukali wowote. Akafumba macho, akaliacha ulimini, hakulimeza.