Bado Kidogo

"Unasikia, baba?" aliuliza Tekla, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huku akiongeza umeme kwenye kimashine chake.

Paja la Mzee Kibacha lilikuwa limeshaanza kurukaruka lenyewe chini ya vile vibandiko vyenye nyaya. Tangu ugonjwa umchoshe moyo, miguu ilikuwa imenywea, na umeme huu wa hospitali ndio ulioifanyisha kazi. Kila siku ya kuja alivaa kaptula aliyoipiga pasi mwenyewe.

"Bado kidogo," alijibu.

Alijua akisema hivyo Tekla ataweka kiganja juu ya paja, atulize mkono hapo, apime mwenyewe. Tangu amzike mkewe, watu walimpa mkono tu na kupita.

Kiganja kikaja, kina joto.

"Mbona linaruka vizuri," Tekla alisema. "Na jana ulifika getini na kurudi bila kupumzika. Wiki ijayo usihangaike kuja, utakuwa unatembea nyumbani. Una mtu wa kutembea naye?"

"Yupo."

Vibandiko vilipobanduliwa, aliviomba.

"Hivyo vimeisha gundi, baba," Tekla alisema, lakini akampa.

Jioni Mzee Kibacha aliketi kitandani, upande aliokuwa akilala mkewe. Alibandika kimoja pajani, bila waya, akaweka kiganja chake juu. Kilikuwa cha baridi, ila hakukiondoa.

"Unasikia?" aliuliza.

"Bado kidogo," alijijibu mwenyewe.