Jani Lililong'atwa

Majani yote ya mkorosho yalikuwa mezani, isipokuwa la Calist. La Calist lilikuwa mdomoni.

Vailet aliliona, akajifanya hajaliona. Alikuwa ameshaeleza mara tatu: jani chini, karatasi juu, kipande cha mkaa ukilaze ubavu, usugue taratibu mpaka mishipa ya jani ijitokeze yenyewe. Recho alishamaliza lake, na sasa alikuwa akimpaka Zubeir mkaa kidevuni. Justin alishaomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili, na kila alipojitikisa, kibenchi alichokalia kililia.

Vailet alijuta kuzaliwa. Somo la majaribio la kwanza alilifeli, na aliambiwa akifeli la pili hakuna la tatu. Angefunga virago hapa Tumbi na kurudi Kwala kwa mama yake bila cheti, na mama mwenyewe, kwa haraka zake, alishashonesha kitenge cha mahafali. Sharti lilikuwa moja tu: kengele ikilia, kila mmoja darasani awe na mchoro wa mkono wake mwenyewe.

"Usimwangalie mkaguzi," alionywa. "Waangalie watoto."

Rahisi kusema. Walipoinuka wote na kumwamkia, "Shikamoo, mwalimu!", ile marahaba ilimkwama kooni kama mwiba wa perege. Mpaka sasa alikuwa akiimeza.

Alivuta pumzi kabla ya kulitamka jina.

"Calist. Toa jani mdomoni."

Calist akalitoa. "Lina ukakasi."

"Haliliwi hilo. Linachorwa."

"Mimi sijui kuchora." Akakunja mikono. "Na sitaki."

"Mwalimu, huyu Calist mtundu!" Dina alishtaki, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Zilibaki dakika nne. Vailet alifikiria kumsugulia yeye mwenyewe, yaishe. Lakini huo usingekuwa mchoro wa Calist, na hapo alichoka kuogopa. Akachuchumaa kando ya kibenchi, akamsahau mkaguzi, akakisahau na kitenge.

"Unajua nini, Calist? Wenzako wote wana majani mazima, yanafanana tu. Lako peke yake ndilo limeng'atwa. Hebu lisugue, tumwone aliyeling'ata."

Calist akamtupia jicho la pembeni. Akachukua mkaa.

Ukaanza kutokea mshipa wa kati. Ikafuata ile midogo, imepangana kama miba ya samaki. Kisha ukingo wa jani, na kwenye ukingo alama za meno, na katikati ya meno pengo kubwa, liko wazi kabisa.

Darasa zima likaangua kicheko. Halafu ghafla kila mtu akainamia karatasi yake.

Calist aliutazama mchoro. Akapitisha ulimi penye pengo lake, polepole, kama anayehakikisha.

"Ni mimi huyu," alisema. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mwalimu, ni mimi! Naomba karatasi nyingine."

Vailet alitaka kulia kwa furaha, lakini hakukuwa na muda. Kengele ililia.

Recho akaacha kuigiza mtoto, akatoa leso, akaanza kumfuta mkufunzi mwenzake Zubeir mkaa kwenye ndevu. Vailet akapiga goti mbele ya Calist, na salamu yake mwenyewe, iliyokuwa imemkaba kipindi kizima, ikamtoka yote kwa mara moja: "Shikamoo, Mkuu wa Chuo."

"Marahaba, mwanangu." Calist akavuta faili kutoka chini ya kibenchi, akaandika *amefaulu*, kisha akaukunja ule mchoro na kuutia mfukoni mwa koti. "Huu nampelekea mjukuu wangu. Na yeye kang'oka jino hapo hapo."