Tega Iliyokwama Mlangoni

Bibi alipiga simu amenuna. "Mke mwenzangu, tangu juzi nakuandikia 'Kitendawili!' nawe kimya. Kuniitikia 'Tega' tu kumekushinda? Au nimekuchosha?"

"Bibi, mbona niliitikia!" alisema Mwanakheri. Lakini bibi alikwisha kata simu.

Mwanakheri akaigeukia kompyuta yake. Miezi miwili alikuwa akirekebisha kiini cha mfumo wake, ile programu ya ndani inayoendesha kompyuta nzima. Zamani kila kifurushi cha ujumbe kilitoka peke yake, na kila kimoja kiligongewa kengele ya mtandao, ishara ya kuiambia kadi ya mtandao ikitume. Yeye alikifundisha kiini kingoje vifurushi vijae, kisha kigonge mara moja kwa vyote. Juzi alipomaliza, kasi ikaongezeka maradufu, naye akajisifu.

Leo akachungulia foleni ya vifurushi vinavyosubiri kutoka. Tega yake ilikuwa humo mlangoni, peke yake, inangoja wenzake wasiokuja.

Akaongeza mstari mmoja: kisicho na mwenzake nyuma kigongewe kengele, kiende zake. Akaiwasha kompyuta upya, akaandika, "Tega, bibi yangu," akaweka mikono mapajani.

Chini ya jina la bibi, vinukta vitatu vya mtu anayeandika vikaanza kuchezacheza.