Pikapu Iliyopona kwa Mvua

Mvua ikinyesha, pikapu ilipanda mlima wa Mbaga bila hata kikohozi. Jua likiwaka ilikata nguvu, ikajikongoja, ikazima.

Fundi Husna alikuwa na miaka kumi na miwili ya kutengeneza magari pale Same mjini, na hakuwahi kuona gari linalopenda maji. Siku zote maji ndiyo adui wa nyaya.

"Siku gani inasumbua zaidi?" alimuuliza dereva.

"Jumapili, dada, watu wakitoka kanisani," Rodrick alijibu kwa upole. "Na juzi kulikuwa na msiba kule juu, ikazima mara kumi na nne."

Mashine ya kupimia ililaumu kitu kimoja tu: sensa ya throto, kijidude kinachoiambia kompyuta ya gari dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Husna akaibadilisha. Akabadilisha na waya wake. Kisha akaitoa ile sensa mpya na kuweka mpya zaidi. Akaiendesha mwenyewe kwenye lami hadi Makanya na kurudi, na pikapu ikateleza kama imetoka kiwandani jana. Kesho yake Rodrick akapanda nayo mlimani, ikazima kabla hajafika nusu ya njia. Akili nyingi huondoa maarifa, na Husna alikuwa nazo nyingi.

Mama Justa, mwenye pikapu, alikuwa amechoka. Tangawizi yake ilikuwa inaozea njiani.

"Jumatatu naiuza kama chuma chakavu," alisema kwenye simu. "Dereva sina shaka naye. Nilimchagua mwenyewe kwa adabu zake."

Rodrick aliposikia hivyo machozi yalimlengalenga. Pikapu ikiuzwa, kazi imekwisha, na nyumbani alikuwa na watoto wawili na mke mjamzito. Husna alimwonea huruma kwelikweli.

Jumapili alifunga gereji, akapanda naye mlimani. Macho yake yalikuwa kwenye mashine mapajani, masikio kwenye injini. Namba za sensa zikasimama vizuri: thelathini na nane, thelathini na nane. Ghafla, sifuri. Pikapu ikazima.

"Umeachia mafuta?"

"Sijaachia, dada. Nakuapia."

Na hakuwa mtu wa kusema uongo. Akaiwasha tena, wakaendelea, ikazima tena.

Ilipozima mara ya sita, Husna aliiweka mashine pembeni. Kama kompyuta ni mwongo, basi atautazama mguu wenyewe. Wakaondoka, naye akainama hadi chini ya usukani, kichwa nusura kigonge gia, akaukodolea macho ule mguu wa kulia. Ulikuwa umekanyaga sawasawa, na injini ilivuma vizuri.

Kisha, juu ya kichwa chake, akasikia sauti ya Rodrick: "Shikamoo, mzee."

Mguu ukanyanyuka kwenye pedali ya mafuta, ukaenda kutulia kwa heshima kando ya mwenzake, na haukurudi mpaka mzee alipomaliza kuulizia habari za watoto, za mama na za mahindi.