Mkanda Uliolowa

Mkanda ulikuwa umelowa tena.

Mkimbiaji aliutoa msumarini nyuma ya mlango wa chumba chake, akaubinya kwa vidole. Asubuhi aliuvua baada ya mazoezi, akaufuta, akautundika ukiwa mkavu, kisha akaenda zake kazini kushona mapazia. Sasa ilikuwa jioni, na upande unaokaa kifuani ulikuwa na unyevu. Hata kibanio kilikuwa kimesogezwa. Mtu alikuwa ameulegeza.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mwingine. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Aliyebaki ni mama mkwe.

Mkanda wenyewe ulikuwa wa daktari. Moyo wa mkimbiaji ulikuwa umeanza vituko: ametulia kitandani, mara pigo moja linaruka, kisha linalofuata linatua kwa kishindo, kama mtu aliyekosa kipandio cha ngazi. Daktari alisema huenda si neno. Wakimbiaji wengi wa masafa marefu wana mapigo ya namna hiyo na wanazeeka nayo. Lakini kabla ya kumruhusu kwenda kwenye mbio alizozifanyia mazoezi mwaka mzima, alitaka kuusikia moyo huo. Auvae mkanda kila anapokimbia, wiki nzima. Aulowanishe kidogo, aufunge kifuani; ukigusa ngozi unarekodi wenyewe.

Na mama mkwe hakuzipenda mbio, wala hakuficha.

“Kiguu na Njia amerudi,” ndivyo alivyomkaribisha kila asubuhi baada ya mazoezi, akiwa kitini kwake dirishani. “Leo umemkamata huyo unayemfukuza?”

“Bado, Mama. Ana mbio.”

“Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu. Kaa unywe chai.”

Zamani mkimbiaji angecheka. Sasa aliukumbuka mchana wa Jumapili, mama mkwe alipoacha kuchambua mchele ghafla.

“Hivi daktari akiusoma huo mkanda, anaona yote yaliyomo?”

“Yote.”

“Hata ya mchana?”

“Ukivaliwa mchana, ataona. Lakini mchana niuvalie nini, Mama? Nipo kwenye cherehani.”

“Aa, nauliza tu. Na huo moyo wako ukiruka, mkono hauumi?”

“Hauumi.”

“Basi una bahati,” alisema mama mkwe, akarudi kwenye mchele wake.

Bahati! Neno hilo lilimkaa mkimbiaji kooni kama mwiba wa samaki.

Siku iliyofuata alijisingizia kusahau mkasi, akarudi nyumbani mchana. Alipanda ngazi kwa ncha za vidole mpaka ghorofa ya juu, akasukuma mlango. Mama mkwe alikuwa anatoka chumbani mwa mkimbiaji, anafunga vifungo vya gauni kifuani, jasho limemtoka.

“Kulikoni? Umefukuzwa kazi?”

“Nimefuata mkasi. Mama, ulikuwa unatafuta nini chumbani kwangu?”

“Buibui.”

“Umempata?”

“Amenikimbia. Nadhani naye ana mashindano.”

Mkimbiaji hakucheka. Nyuma ya mlango, mkanda ulikuwa unaning’inia msumarini, bado unayumba. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Anautikisa. Anautia mapigo ya uongo ili daktari aseme basi.

Lakini mkwe hasutwi. Alimeza maneno yake, akachukua mkasi ambao hakuuhitaji, akarudi kazini. Kuanzia hapo hakulisema jambo hilo kwa mtu, na mkanda uliendelea kulowa.

Asubuhi ya kwenda kwa daktari, bomba la ghorofani lilikuwa kavu kama kawaida. Kila siku ni yeye aliyepandisha maji kutoka uani, ndoo mbili mbili, akisema hayo nayo ni mazoezi. Siku hiyo aliziweka ndoo tupu miguuni pa mama mkwe.

“Leo naomba uteke wewe, Mama. Mimi naenda kupeleka mkanda.”

Mama mkwe aliziangalia ndoo, kisha akamwangalia yeye, kama mtu mwenye neno.

“Haya,” alisema mwishowe. “Daktari akikwambia lolote, uje uniambie. Lolote, umesikia?”

“Nitakuja kukwambia,” alisema mkimbiaji, akaufunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Daktari aliunganisha mkanda na kompyuta, akaifuata mistari kwa kalamu, akatabasamu.

“Moyo wako mzima. Unaruka ukiwa umepoa, ukikaza mwendo unanyooka kama uzi. Nenda kakimbie.”

Mkimbiaji alifumba macho. Alihisi mwaka mzima ukimshuka mabegani.

“Ila hii ya mchana…”

Alipofumbua macho, tabasamu la daktari lilikuwa limekwisha.

“Mchana baada ya mchana. Ulikuwa unafanya nini?”

“Hiyo si yangu!” Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. “Ni mama mkwe. Anauchezea nikiwa kazini. Anautikisa ili unikataze kukimbia.”

Daktari alikigeuza kioo cha kompyuta ili naye aone.

“Mkanda ukitikiswa unaandika mikwaruzo tu. Huu ni moyo wa mtu, na mtu huyu hatakiwi kuinua hata sufuria.” Alikuwa ameshachukua simu. “Yuko wapi sasa hivi?”

“Ngazini,” alisema mkimbiaji.